Paka Mweusi Anayegeuka Kahawia: Anza Kuchunguza Shina la Unywele

Paka alikuwa mweusi tititi. Sasa mgongo umekuwa wa kahawia, au mapaja, au shingo, na akikaa juani unadhani ni paka wa jirani. Hapa Kisumu mwenye paka akiona hivyo hukimbilia agroveti, anauziwa dawa ya minyoo, anaambiwa airudie baada ya miezi mitatu, na kahawia inabaki pale pale. Dawa ya minyoo si mbaya, kila paka anaihitaji. Shida ni kwamba hakuna aliyetazama kahawia hiyo imeanzia wapi kwenye unywele.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai tena, na mwili hauwezi kuurudia kuutia rangi. Sehemu iliyo karibu na ngozi inaonyesha rangi ambayo mwili unatengeneza wiki hizi. Ncha ilitengenezwa miezi iliyopita, na tangu hapo imepigwa na jua, vumbi na ulimi. Kwa hiyo shina na ncha vinaweza kutoa habari mbili tofauti, na anayetazama ncha peke yake hukosea.

Chunguza hivi. Mpeleke paka penye mwanga wa mchana, kivulini, si chini ya balbu ya njano. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, mpanguse nacho kufuata manyoya yanavyolala. Kisha tenganisha manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi, na uufuate unywele kutoka shinani hadi nchani. Fanya hivyo mgongoni, ubavuni, tumboni na nyuma ya mapaja. Usishangae ukipata majibu mawili kwa paka mmoja. Paka wa mtaani anaweza kuchomwa na jua na kukosa chakula bora kwa wakati mmoja.

Kwanza tazama fizi

Ukiwa bado umemshika, inua mdomo wake wa juu. Fizi za paka mzima wa afya ni za waridi, ingawa baadhi ya paka weusi wana madoa meusi ya kuzaliwa nayo. Fizi zikiwa zimegeuka kahawia kama chokoleti, au bluu, acha kabisa habari ya manyoya na umkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Chanzo kikuu cha hali hiyo majumbani ni parasetamoli. Mtu anaona paka ana homa, anamvunjia kidonge kwa huruma. Paka hana vimeng'enya vya kutosha vya kuisafisha dawa hiyo mwilini. Sumu inayobaki huharibu damu isiweze kubeba oksijeni, na damu ya namna hiyo huwa ya kahawia. Uso na miguu ya mbele huvimba, pumzi inakuwa ya shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Matibabu yapo, lakini yanafaa yakianza ndani ya saa chache. Mwambie daktari ukweli kuhusu ulichompa na ulimpa saa ngapi.

Fizi na sehemu ya ndani ya masikio zikiwa za njano, shuku ini au kuharibika kwa chembe nyekundu za damu. Fizi nyeupe ni upungufu wa damu, na kwa paka wachanga mara nyingi wanaoinyonya ni viroboto. Hayo pia ni ya daktari, leo, si wiki ijayo.

Kitambaa kimetoka na rangi

Hapo huenda manyoya hayajabadilika kabisa. Udongo mwekundu wa Kakamega, Vihiga na Kisii hushika kwenye manyoya meusi na kuyafanya yaonekane ya kutu, hasa kwa paka anayelala kando ya barabara ya murram. Panguza mara mbili tatu, utaona weusi wake.

Kitambaa kikitoka na mafuta ya kahawia yanayonuka gereji, mambo ni mazito zaidi. Paka hupenda kulala chini ya magari yaliyotoka kuzimwa kwa sababu ya joto, na oili chafu ikimdondokea atajilamba mpaka aimeze. Mwoshe kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya uvuguvugu, umsuuze vizuri. Usitumie petroli wala mafuta ya taa kumwondolea oili hiyo; huichoma ngozi na akiyalamba yanaingia mapafuni.

Jibu la tatu ni chembe ndogo nyeusi. Zidondoshee maji juu ya kitambaa cheupe. Zikiyeyuka na kuacha doa jekundu lenye kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kumeng'enywa. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu.

Shina jeusi, ncha ya kahawia

Hili ni jua. Mionzi yake huvunja melanini, rangi inayoufanya unywele uwe mweusi, na weusi unapopungua kinachobaki kwa macho yetu ni wekundu wa kutu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko juu zaidi, kama mita 1,850, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi hiyo inavyozidi ukali. Mwongeze paka mwenyewe, ambaye asubuhi yote yuko juu ya mabati au ukutani akiota jua. Utaona kahawia mgongoni, juu ya mkia na kwenye manyoya marefu ya shingo, lakini tumboni na kwapani, ambako jua halifiki, yeye ni mweusi kama kawaida.

Si ugonjwa na hakuna dawa. Katika nchi za baridi paka hubadilisha manyoya kwa misimu, akifuata urefu wa mchana. Kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo manyoya hupukutika kidogo kidogo bila msimu maalumu. Ndiyo maana paka wa huku huonekana wa mabaka: unywele mpya mweusi umesimama kando ya mzee uliopauka. Mchane kwa brashi mara kwa mara ili ya zamani yatoke.

Jambo moja tu linanifanya nisiliache jua hapo. Kukiwa na paka wawili weusi nyumba moja, wanaolala bati moja, na mmoja amepauka vibaya huku mwingine yuko vizuri, huyo aliyepauka huenda anaota unywele wenye melanini kidogo tangu mwanzo. Soma sehemu inayofuata.

Kahawia kuanzia shinani, karibu mwili mzima

Hapa ndipo penye tatizo ambalo watu wengi wa kwetu hawalijui, na linatokana na sahani. Mwili hutengeneza melanini kutoka kwa tairosini, asidi amino inayopatikana kwenye protini. Tairosini nyingine paka huitengeneza mwenyewe kutoka kwa asidi amino nyingine iitwayo fenilalanini, ambayo nayo lazima itoke kwenye chakula. Zote mbili zikipungua, mwili hubana matumizi: moyo, misuli na ubongo hupewa kwanza, manyoya mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilionyesha hili waziwazi katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2001 na 2002. Paka weusi waliolishwa chakula chenye tairosini kidogo waligeuka wekundu wa kahawia, na walipoongezewa tairosini weusi ulirudi. Kilichowashtua wengi ni kwamba kiasi kinachotosha kumkuza paka mchanga vizuri hakitoshi kumfanya awe mweusi. Kwa hiyo paka anaweza kuwa mnene, mchangamfu, anakamata panya, na bado manyoya yake yanakuambia kuna kitu kinapungua. Nawasihi wenye paka wasilidharau onyo hilo la manyoya, kwa sababu paka walioendelea kunyimwa kwa muda mrefu waliishia kupata matatizo ya mishipa ya fahamu.

Ukimpeleka kwa daktari wa mifugo, mazungumzo huenda hivi:

"Mama, huyu anakula nini?"

"Ugali na omena, daktari. Kila siku."

"Omena yenyewe au mchuzi wake?"

Swali hilo la pili ndilo lenye maana. Omena iliyokaushwa ina protini tele, zaidi ya nusu ya uzito wake. Lakini katika nyumba nyingi omena huliwa na watu, na paka anapewa ugali uliochovywa kwenye mchuzi, pengine na vichwa vitatu vinne juu yake. Unga wa mahindi una protini kama asilimia 8. Viwango vya chakula cha paka mzima vinataka angalau asilimia 26 ya chakula kikavu, na vya paka anayekua au anayenyonyesha asilimia 30. Harufu ya samaki humfanya ale ugali wote, nawe ukiona sahani ni safi unajua ameshiba. Ameshiba wanga.

Marekebisho hayahitaji chakula cha paka cha dukani, ingawa kilichoandikwa kuwa ni chakula kamili ni kizuri kwa anayekimudu. Geuza kipimo: nyama au samaki wawe ndio mlo, ugali uwe kidogo sana au usiwepo. Mfuate muuza samaki wa Dunga au Kibuye akupe omena safi ya kuliwa na watu, si ile ya kuchanganyia chakula cha kuku, ambayo mara nyingi imejaa mchanga. Ichemshe kwa maji machache na umpe samaki pamoja na maji hayo, kwa sababu taurini, ambayo paka akiikosa hupofuka na moyo kudhoofika, huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, unafaa ukiutoa nyama kwa vidole. Mifupa iliyopikwa usimpe, hukwama kooni. Samaki wabichi kila siku usimpe, kwa kuwa aina kadhaa zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mapafu, moyo na bandama kutoka bucha ni bei nafuu kuliko steki, na moyo una taurini nyingi. Yai lililoiva ni zuri. Maziwa si badala ya nyama, na paka wengi wazima yanawaharisha.

Maini yanastahili kutajwa peke yake kwa sababu ya madini ya shaba. Kimeng'enya kinachogeuza tairosini kuwa melanini hakifanyi kazi bila shaba, na upungufu wake nao hufifisha rangi. Maini ya ng'ombe yana shaba nyingi. Kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki kinatosha. Ukimpa maini kila siku kwa miezi, vitamini A hujaa mwilini na mifupa ya shingo huanza kuungana mpaka anashindwa kugeuza kichwa. Na tafadhali, mtu asije akasikia neno shaba akamwekea mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwenye maji. Mrututu ni sumu kwa paka. Vidonge vya zinki vya watoto pia usimpe, kwa kuwa zinki nyingi huizuia shaba isiingie mwilini.

Subiri kwa miezi, si wiki. Unywele uliotoka ukiwa wa kahawia utabaki wa kahawia mpaka upukutike. Unachotafuta ni shina: baada ya mwezi mmoja au miwili ya chakula kizuri, ukitenganisha manyoya, uone weusi unasukuma kutoka chini. Mpige picha sehemu ile ile, saa ile ile, bila kuwasha taa ya simu. Kama paka jike amefungwa kizazi karibuni, una bahati, kwa sababu pale daktari aliponyoa nywele zote ni mpya na zinakuonyesha rangi ya leo bila kuchanganyika na ya zamani.

Watu wa Nakuru, waliozoea kuona meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, wanaweza kuyashuku maji. Floraidi hushika jino linapojengeka ndani ya ufizi, haigeuzi manyoya.

Kahawia pale ulimi unapofika

Tumbo, ndani ya mapaja, miguu ya mbele, chini ya mkia. Shingo na katikati ya mabega, ambako paka hawezi kujilamba, ni safi. Ukiona ramani hiyo, paka anajilamba kupita kiasi. Mate yakikauka tena na tena huacha rangi ya kutu, na inaonekana vizuri zaidi kwa paka weupe. Tazama ncha za nywele: zikiwa zimekatika kama zimenyolewa, ni ulimi.

Ulizia kwanza viroboto, hata kama hujamwona hata mmoja. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujikuna mwili mzima kwa kuumwa na wachache tu, na yeye mwenyewe hula ushahidi anapojilamba. Fanya kile kipimo cha kitambaa chenye maji, hasa sehemu ya juu ya mkia. Kahawia chini ya macho ni jambo lingine: ni machozi yanayotiririka, kwa kawaida kutokana na mafua ya paka, na akianza kufumba jicho apelekwe kwa daktari.

Mabaka ya mviringo yaliyopukutika manyoya, yenye magamba, ni ya kushuku mashilingi (choa), ambayo hupita kutoka kwa paka hadi kwa watoto. Wazuie wasimbebe mpaka atibiwe.

Sasa onyo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila agroveti kutoka Busia hadi Naivasha. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humuua paka. Hatetemeki kidogo na kupona. Hutetemeka, hupata degedege, na wengi hufa. Dawa za kuogeshea ng'ombe kupe, hata ukizizimua kwa maji mengi, usimpake. Soma lebo, na kama haisemi wazi kuwa dawa ni ya paka, irudishe. Ikiwa tayari umempaka, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na umpeleke kwa daktari ukiwa na chupa mkononi. Omba dawa iliyotengenezewa paka, ipimwe kwa uzito wake, kisha ufue matandiko anayolalia na ufagie nyufa za sakafu, kwa kuwa mayai na viluwiluwi vya kiroboto viko huko kuliko mwilini.

Paka mzee

Paka wa miaka kumi na kuendelea akianza kupauka, manyoya yakawa makavu na ya kushikana, mara nyingi ni kwamba ameacha kujisafisha. Tafuta kwa nini. Meno mabovu humfanya ashindwe kujilamba. Anayekunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe figo na sukari. Anayekula kwa pupa huku anakonda apimwe tezi ya shingo. Rangi peke yake haitakuambia lipi ni lipi. Kipimo cha damu kitakuambia.

Alikuwa hivyo tangu utotoni

Paka wengi wanaoitwa wa kahawia mitaani Kondele au Nyalenda si wa kahawia kwa maana ya jeni. Ni wa milia, wenye alama kama herufi M kwenye paji la uso. Ng'oa unywele mmoja uliolegea uutazame: una mistari, mweusi kisha wa manjano ya udongo kisha mweusi tena. Rangi hiyo ni ya asili kabisa. Paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye bado yuko Kenya na ndiye babu wa paka wa nyumbani, ana manyoya ya aina hiyo.

Mtoto wa paka mweusi naye huonekana wa kahawia na mwenye milia hafifu anapokaa juani. Milia hiyo iko kwa paka weusi wote, ila weusi huifunika. Wengine huzaliwa na ncha za kijivu au za maziwa kwa sababu mama alipata homa au aliumwa akiwa na mimba. Manyoya ya utotoni yakibadilika, kwa kawaida kuanzia mwezi wa nne hadi mwaka, weusi hukamilika. Mama anyonyeshaye alishwe vizuri, basi.

Mabaka ya rangi ya chungwa yenye mipaka, kwa jike, si kupauka. Jeni ya rangi hiyo iko kwenye kromosomu X, na jike ana X mbili, kwa hiyo kila sehemu ya ngozi hufuata moja au nyingine. Jeni yenyewe, ARHGAP36, ilitambuliwa na timu mbili, moja ya Marekani na moja ya Japani, zilizochapisha kazi zao mwaka 2025.

Kahawia halisi ya kurithi ipo pia. Moja ni ya chokoleti, inayotokana na badiliko kwenye jeni iitwayo TYRP1. Lazima mtoto airithi kwa baba na kwa mama, ndiyo maana paka wawili weusi wanaweza kumzaa. Nyingine ni ya paka aina ya Burmese, ukoo ulioanzia kwa jike mmoja, Wong Mau, aliyepelekwa San Francisco mwaka 1930. Kwake kimeng'enya cha melanini hulegea kwenye joto la mwili, kwa hiyo kiwiliwili ni cha kahawia, na masikio, uso, miguu na mkia, ambavyo ni baridi zaidi, vinakuwa na weusi mwingi. Ukiuziwa mtoto wa paka kwa bei ya juu eti ni Burmese, tenganisha manyoya ya mgongo: kahawia iwe sawa kutoka shinani hadi nchani, na masikio yawe meusi kuliko mgongo. Shina likiwa jeusi na ncha ya kutu, huyo ni paka mweusi aliyeota jua, na anastahili bei ya paka mweusi.